Matone Ambayo Hayakuandikwa

Kazini walimwita Mama Chupa. Kama jina hilo lilikuwa na dharau au halikuwa nayo, ilitegemea linatoka kinywani mwa nani. Mtunza stoo alilisema kwa utani. Profesa alilisema bila kuinua macho, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Yeye mwenyewe aliitika kotekote, kwa kuwa miaka ishirini na mmoja ya kuosha, kuchemsha, kukausha na kupanga chupa za maabara ilikuwa imempa haki ya jina hilo kuliko vyeti vinavyowapa wengine majina yao.

Lakini kuosha ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine, ambayo hakuna aliyemwuliza habari zake, ilikuwa mwani. Ghorofa ya pili, chumba cha mwisho upande wa kulia, palikuwa na rafu tatu za chuma zenye taa ndefu nyeupe, na juu ya rafu hizo chupa sitini za maji ya kijani. Fundi bomba mmoja aliyekuja kuziba tundu aliwahi kuuliza mbona watu wenye elimu hivi hawamwagi maji machafu. Haukuwa uchafu. Ulikuwa mwani mdogo mno, kila mmoja chembe moja tu, usioonekana mpaka uweke jicho kwenye hadubini, na ndipo unaona viduara vya kijani vimejazana bila kugombana. Kila chupa ilikuwa na mrija wa kuipulizia hewa, na chumba kizima kilibubujika mchana kutwa.

Profesa alitaka kujua mwani ule unakulaje. Wanga unajitengenezea wenyewe kwa mwanga, maji na hewa. Hilo hata mtoto wa shule ya msingi atakwambia ni usanisinuru, kisha atakimbilia kucheza. Ila huwezi kujenga mwili kwa wanga mtupu. Panahitajika nitrojeni, na mwani huipata majini ikiwa katika sura mbalimbali. Rafu ya juu ililishwa nitrati, ya kati amonia, ya chini yurea, ile ile wanayotia wakulima shambani. Makala iliyompa Profesa uprofesa wake ilisema kwamba mwani hustawi kwa vyote vitatu, na kwa amonia hustawi upesi zaidi, maana nitrati lazima kwanza mwani uigeuze kuwa amonia, na kazi hiyo inakula nguvu ya mwanga, ilhali amonia yenyewe ni chakula kilichokwisha kuiva.

Yote hayo ni kweli, na Mama Chupa aliyajua kabla hayajachapishwa. Aliyajua tangu siku umeme ulipokatika mchana mzima, akaona chupa za nitrati zimesita kabisa kula huku za amonia zikiendelea kidogo kidogo gizani. Alijua pia kwamba ukichanganya amonia na nitrati katika chupa moja, mwani hautagusa nitrati mpaka amonia iishe. Haukuwa na adabu ya mezani hata kidogo, alimwambia mtunza stoo. Unaanza na kilaini, kigumu unawaachia wajukuu.

Kuna jambo moja makala haikulisema. Mwani unapokula amonia, unaacha ukali majini. Kila unavyokula ndivyo maji yanavyozidi kuwa tindikali, na siku ya tano kijani kinaingia unjano, na ya nane una chupa ya maji yenye masimbi meupe chini, mashapo ya mwani uliokufa. Chupa za nitrati hufanya kinyume, maji yake huelekea upande wa alkali, na mwani wala haujali. Yurea haikuwa na makuu, maji yake yalibaki vilevile karibu siku zote. Rafu ya matatizo ilikuwa ya kati, na ilikuwa imekufa mara mbili zamani, Profesa alipokuwa bado daktari kijana mwenye tai moja. Asubuhi ya kifo cha pili Mama Chupa alimkuta amekaa kwenye kigoda, kichwa mikononi.

"Mama Chupa," akasema, "fanya ufanyavyo, lakini zisife tena."

Basi akafanya. Kila siku alifika kabla ya wasomi, akachota tone la maji katika kila chupa ya rafu ya kati na kuligusisha kwenye karatasi ya kupimia ukali. Iliyokuwa imeanza kuchacha aliitia matone mawili matatu ya alkali dhaifu kwa bomba la kioo, akaitikisa, akaenda nyingine. Chupa ishirini, nusu saa, kisha chai. Wasomi walipofika na mifuko yao mabegani, mwani ulikuwa wa kijani na maji yametulia, na wao wakaandika daftarini kuwa mwani ni wa kijani na maji yametulia.

Yeye hakuandika. Nawajua wasomaji wanaopenda kulaumu, na hapa ndipo watakapoanzia, kwa hiyo tulimalize sasa hivi. Daftari la jaribio lilikuwa la wasomi, na mlangoni palibandikwa karatasi kusema kuwa wahudumu wasiliguse. Wahudumu walikuwa na daftari lao, lenye safu nne: kuosha, kuchemsha, kujaza, kufagia. Safu ya matone haikuwapo. Tena, tusimpambe kupita kiasi, yeye mwenyewe hakuyaona matone yale kuwa kitu cha kuandikwa. Aliambiwa zisife, hazikufa. Nani huandika kwamba amefuta meza? Kwa miaka kumi na tisa watu wenye shahada walipima, walichora michoro na kusafiri kwenda kuisoma michoro hiyo mbele ya watu wengine wenye shahada, na hakuna hata mmoja aliyeuliza yule mama anayefika mapema vile anafanya nini mle ndani.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, aliyemlea peke yake tangu baba mtu alipoondoka akiwa hai, kwa miguu yake miwili. Binti alikulia pale chuoni. Akitoka shule alikaa kwenye kreti lililopinduliwa kando ya sinki, akifanya hesabu zake huku mama akisuuza. Alipofika miaka kumi mama alimwinua aweke jicho kwenye hadubini, na mtoto akauliza, "Mama, hivi vinajua kwamba tunaviangalia?" Mama alifurahi tu kwamba swali limetoka kwa mwanawe.

Mtoto alisoma. Akamaliza shahada ya kwanza kwa alama za kutisha, na barua ikaja kwamba amekubaliwa shahada ya pili, chini ya Profesa, katika chumba kilekile cha mwisho upande wa kulia. Mama Chupa alishuka stoo na kulia katikati ya maboksi ya glavu.

"Unalia nini?" mtunza stoo akamwuliza. "Ngoja aanze kukupigia kengele umletee chupa."

"Akipiga nitaitika. Wewe una nani wa kukupigia?"

"Nina mke. Yeye hahitaji kengele."

Walicheka, na ile ilikuwa siku nzuri. Siku ya tatu ikaja barua nyingine, hii ya utawala: ndugu haruhusiwi kushika kazi ya utafiti ya ndugu yake. Mama Chupa akateremshwa chumba cha kuoshea, chini kabisa, na ufunguo wa ghorofa ya pili ukarudishwa ofisini. Hakuona vibaya. Kanuni ilikuwa na maana yake, na mtoto wake asingesemwa kwamba amebebwa. Habari ya matone hakuitaja kwa sababu aliamini Profesa anaijua na atamwambia binti. Ndiye aliyemtuma. Mtu anaposema fanya ufanyavyo, unadhani baadaye atataka kujua ulifanyaje.

Kazi ya binti ilikuwa kulirudia jaribio lile la zamani kwa taa mpya zenye mwanga mkali zaidi, aone kama mwanga ukiongezeka ulaji nao unabadilika. Mwezi wa kwanza alirudi nyumbani akizungumza mpaka chakula kinapoa. Mwezi wa pili akaanza kula kimya. Mama akiuliza kazi inaendeleaje, anajibiwa inaendelea. Akaacha kusuka nywele, akawa anazifunga kitambaa tu. Mama aliona yote akanyamaza, kwa kuwa aliogopa kumwongezea.

Chupa ndizo zilizosema. Alhamisi moja ziliteremshwa chupa ishirini kwa toroli, na Mama Chupa alipoishika ya kwanza hakuhitaji kusoma lebo. Chini kulikuwa na masimbi meupe. Alichana kipande cha karatasi ya kupimia, akakichovya katika mabaki, kikawa chekundu kwa ukali. Akachovya katika ya pili na ya tatu. Alisimama pale na bomba likimwagika bure, akijua kila kitu kilichotokea juu kama vile alikuwapo.

Jioni hiyo hakungoja chakula kiishe.

"Rafu ya kati imekufa."

Binti akaweka kijiko chini. "Nani amekwambia?"

"Naosha chupa, mwanangu. Ni mara ya ngapi?"

"Ya pili." Alikuwa akiangalia sahani. "Profesa anasema nina mkono mchafu, naingiza vimelea. Amesema ikifa tena nafasi yangu anampa mtu mwingine. Amesema hajawahi kuona rafu ile ikifa kwa miaka ishirini."

"Umepima ukali wa maji?"

"Mama."

"Nauliza tu. Kila asubuhi inabidi..."

"Mama, tafadhali. Nimefuata makala neno kwa neno. Hakuna ukali wowote mle ndani. Haya ni mambo ya kitaalamu, usinichanganye zaidi."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kwa uchovu, na pengine ndiyo sababu ilimchoma mama zaidi, maana jeuri ingejibiwa. Hapo angeshika msimamo, angepiga meza, angemlazimisha mtoto asikilize, na hadithi hii ingekuwa fupi na yenye furaha. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Alikusanya vyombo, akaviosha, na alipokuwa akiviosha akakata shauri kwamba hatamwambia kitu. Atafanya tu kile alichokuwa akikifanya siku zote. Mwani utakuwa wa kijani, mtoto atapata shahada yake, na atakayejua ni yeye peke yake.

Jumatatu iliyofuata binti alianza rafu mpya, ya tatu na ya mwisho. Ijumaa, kabla jengo halijafunguliwa vizuri, Mama Chupa alipanda ghorofa ya pili. Ufunguo hakuwa nao, ila mlango ule haukuhitaji ufunguo kwa mtu aliyejua kuuinua kidogo kabla ya kuusukuma. Taa zilikuwa zimewaka, kali kuliko za zamani, zikamfanya afinye macho. Rafu ya kati ilikuwa imeanza kupauka. Alitoa bomba lake la kioo mfukoni, akatia matone matatu katika chupa ya kwanza, akaitikisa. Akatia katika ya pili.

"Unafanya nini?"

Binti alikuwa mlangoni na mkoba begani. Naye alikuwa amekosa usingizi, amekuja kuziangalia.

"Nazitunza," akasema mama.

"Unatia nini humo?"

"Alkali kidogo. Zimechacha. Usiogope, matone matatu tu, kesho zitakuwa..."

"Tangu lini unafanya hivi?"

Mama Chupa angeweza kusema tangu leo. Lakini hakuwa na mazoea ya kumdanganya mtoto yule, na alikuwa amechoka na siri ambayo hakujua kama ni siri. "Tangu ulipokuwa chekechea," akasema. "Alinituma Profesa mwenyewe."

Binti aliingia, akatua mkoba, akazichukua zile chupa mbili na kuzimwaga sinkini. "Unajua maana yake nini?" akasema bila kugeuka. "Makala yake yote. Kila mchoro. Hakuna aliyewahi kulisha mwani amonia ukaishi humu ndani, Mama. Ulikuwa unaishi kwa sababu yako."

Kisha akageuka, na uso ulikuwa umebadilika. Lilikuwa swali kama lile la utotoni, mama alilitambua kabla halijatamkwa.

"Kwa nini maji yanachacha?"

Jumapili ile walikaa mezani tangu asubuhi hadi jua likaondoka dirishani. Mama alieleza, binti akaandika. Aliambiwa chupa huchacha upesi zaidi zinapopata mwanga mwingi, kwa sababu mwanga unatia mwani hamu ya kula na ukila zaidi unaacha ukali zaidi, kwa hiyo taa mpya ndizo zilizoharakisha kifo. Aliambiwa kwamba chupa ikishachacha huiokoi kwa kuimwagia alkali yote mara moja, unaiua upande wa pili. Kwamba ukitia amonia kidogo kidogo badala ya mlo wote siku moja, maji hustahimili. Kwamba ukizilisha nitrati na amonia kwa pamoja, maji huchacha kwanza kisha yanarudi yenyewe, siku ile ambayo amonia imekwisha na mwani umelazimika kugeukia nitrati. Aliyajua kwa rangi ya karatasi, nyekundu, halafu wiki ikipita, buluu. Binti alikuwa akisema ngoja, ngoja, rudia hapo. Kurasa kumi na saba. Chai ilipikwa mara tatu na mara zote tatu ikasahauliwa. Mama Chupa hakuwahi kuulizwa maswali mengi namna ile maishani mwake, na kama mtu angemwambia achague siku moja ya kuirudia, angeichagua hiyo, hata sasa, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote katika kisa hiki.

Binti alirudi chumba cha mwisho akapanga chupa kumi za kutiwa matone na kumi za kuachwa bila matone, safari hii kila tone likaandikwa. Wiki mbili zikatosha. Kumi zilikuwa za kijani kibichi, kumi zilikuwa maji na masimbi. Wakaenda kwa Profesa wote wawili, mama akiwa amevua aproni.

Profesa aliangalia michoro kwa muda mrefu. Ni mtu mwerevu, hatutamnyima hilo. Aliona kila kitu kabla hajafika ukurasa wa tatu.

"Kazi nzuri sana," akasema. "Nzuri kuliko ile niliyokupa. Amonia inavyoyageuza maji kuwa tindikali na nafasi ya mwanga katika kuharakisha. Hii ni tasnifu."

"Uliniambia nifanye nifanyavyo," Mama Chupa akasema. "Siku ile rafu ilipokufa."

Profesa akatabasamu. Alikuwa hodari wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mama Chupa, bila wewe jengo hili lisingesimama. Lakini miaka kumi na tisa. Nikumbuke kila neno nililomwambia kila mtu?" Akamgeukia binti. "Makala ya zamani itabidi isahihishwe, na tasnifu yako lazima iseme kwa nini ilikosea. Tunasema ukweli tu. Kwamba mhudumu aliingilia jaribio bila idhini na bila kuandika."

Binti aliangalia mikono yake. Mama alimngoja. Alingoja kiasi cha mtu kuvuta pumzi tano au sita, na katika pumzi hizo alikuwa hana haja ya mengi. Neno moja, mfano "lakini," lingemtosha.

"Na watahini wanatoka nje," Profesa akaendelea kwa upole. "Wakijua mhudumu ni mzazi wako, watasema mlipanga, na kazi yote inaanguka. Uhusiano usitajwe. Ni kwa ajili yako."

"Andikeni hivyo," Mama Chupa akasema.

Alisema yeye, hakulazimishwa, na baadaye hakuwahi kudai vinginevyo. Alipiga hesabu ya mama: jina lake upande mmoja, jina la mtoto upande mwingine. Mtunza stoo alipopata habari alimwambia waziwazi kwamba amekubali kuwa mbuzi wa kafara. Akamjibu kuwa mbuzi hakuulizwa, yeye ameulizwa. Barua ya onyo ikaja, ikafuatiwa na ya kumhamisha kutoka chumba cha kuoshea kwenda ufagizi wa ua, kwa kuwa mtu aliyeingilia jaribio hawezi tena kuaminiwa na vifaa. Miezi minane ya mwisho kabla ya kustaafu aliimaliza nje, akikusanya majani makavu. Nyumbani binti aliandika hadi akamaliza, na hakumwonyesha mama alichoandika. Mama hakuomba. Walizungumza juu ya mengine.

Siku ya kuitetea tasnifu, Mama Chupa aliomba ruhusa ya saa mbili, akabadili nguo kwenye choo cha wafanyakazi na kuingia ukumbini kupitia mlango wa nyuma. Alikaa mstari wa mwisho. Kando yake alikaa mama mmoja mgeni, mke wa mmoja wa watahini, aliyekuja kwa sababu safari ilikuwa ndefu na hakutaka kubaki hotelini peke yake.

Binti alikuwa amesuka. Alisimama wima, sauti yake haikuyumba, na mchoro wa kwanza ulipotokea ukutani Mama Chupa aliutambua kama mtu anavyotambua nguo aliyoishona: mwekundu, halafu wiki ikipita, buluu. Kisha ikaja sehemu ya taa, na ya kulisha kidogo kidogo, na ya kutoimwagia chupa alkali yote mara moja. Ilikuwa Jumapili yao ile, imepangwa kwa sura na vifungu. Alijikuta akitikisa kichwa kukubali, kidogo, kila palipokuwa sahihi, na palikuwa sahihi kila mahali.

Kisha sentensi ile ikafika. Matokeo ya awali yalipotoshwa na mhudumu wa usafi, asiye na mafunzo ya sayansi, aliyeongeza alkali bila idhini. Mama Chupa alikuwa amejiandaa. Ilikuwa imekubaliwa, na aliipokea bila kupepesa.

Mtahini mmoja, mzee wa miwani, akainua kalamu. "Hilo limenivutia," akasema. "Mtu asiye na mafunzo anawezaje kutia kipimo sahihi cha alkali kila siku kwa miaka yote hiyo? Inaonekana alikuwa anajua anachofanya. Mlimwuliza?"

Profesa, aliyekaa pembeni, aliangalia kucha zake. Swali lilikuwa la haki, limeulizwa kwa wema, na mlango ulikuwa wazi kabisa. Hakuna aliyekuwa amemwandikia binti jibu la hapo. Hata Profesa hakuwa ameliwaza.

"Tulimwuliza," binti akasema. "Hakuweza kueleza."

Mzee wa miwani akaitikia kwa kichwa, akaandika, wakaendelea na swali jingine.

Hilo halikuwa katika makubaliano. Mama Chupa alikaa na mikono mapajani. Alitafuta hasira akaikosa, na alipoikosa aliogopa, maana mtu mwenye hasira bado anadai kitu. Kurasa kumi na saba. Ngoja, ngoja, rudia hapo. Jina alikuwa amelitoa mwenyewe, na angelitoa tena kesho. Aliyochukuliwa sasa ni akili, na aliyeichukua alifanya hivyo kwa sauti tulivu, huku akimwangalia mtahini usoni, kama alivyofundishwa tangu utoto kuwaangalia watu wanapomwuliza swali.

Watahini walitoka, wakarudi, wakasema amefaulu, na amefaulu vizuri. Watu wakasimama wakapiga makofi. Mama Chupa naye akasimama akapiga, kwa nguvu, kwa sababu ni mtoto wake na alikuwa amefaulu. Mbele kule Profesa alimpa binti mkono, na mpiga picha akawasogeza karibu. Binti alitupa jicho nyuma ya ukumbi mara moja, akamwona, kisha akaigeukia kamera.

Mama mgeni alikuwa amefurahi kwa niaba ya wote, machozi yakimlengalenga. "Mtoto mwerevu vile," akamwambia Mama Chupa. "Nimeangalia kote simwoni mama yake. Siku kama ya leo, mzazi anakosaje?"

"Atakuwa kazini," Mama Chupa akasema.